Kupima msongo wa mawazo kwa dodoso la Kiswahili: mwongozo kamili kwa anayeandika ripoti ya utafiti

"Alfa yangu imetoka 0.41, nifanyeje?"

Swali hili la alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha kama maswali ya kipimo kimoja yanakwenda pamoja; ikiwa ndogo hivi kuna tatizo) hunijia kila msimu wa ripoti, na karibu kila mara huja limechelewa. Anayeuliza ni mwanafunzi wa saikolojia, uuguzi, ustawi wa jamii au rasilimali watu. Madodoso 300 yameshajazwa, zimebaki wiki mbili kukabidhi, na msimamizi amerudisha sura ya nne ikiwa imejaa wino mwekundu. Hapo sina msaada mkubwa wa kumpa, kwa sababu maswali yameshaulizwa na waliojibu wameshaenda makwao.

Nikiyafungua madodoso yenyewe, nakuta makosa yale yale. Maswali yametafsiriwa neno kwa neno. Alama za maswali ya kugeuza (yale yanayouliza mambo mema badala ya mabaya) hazikugeuzwa. Viwango vya "msongo wa juu" vimeokotwa mtandaoni. Na kosa linaloniumiza kuliko yote: mtu ameandika kwamba anafikiria kufa, na fomu yake imekaa kwenye bahasha wiki tatu bila kusomwa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: utafiti wa msongo wa mawazo, njia za kuumudu msongo huo na ustawi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Pale utafiti wa wafanyakazi unapodai kitu tofauti, nitasema hapo hapo.

## Andaa hivi kwanza

- Nakala kamili ya kila kipimo pamoja na maelekezo yake ya kujumlisha alama. Usichukue picha ya dodoso kutoka kwenye kiambatisho cha ripoti ya mtu mwingine; makosa yake utayarithi.
- Watafsiri wawili wanaojua Kiingereza na Kiswahili, na mtu wa tatu ambaye hajawahi kuliona dodoso la Kiingereza.
- Watu 8 hadi 10 wa kusoma tafsiri mbele yako, na wengine kama 30 wa jaribio dogo. Hao wote wasiingie kwenye sampuli yako.
- Mshauri nasaha, muuguzi au daktari aliyekubali kwa mdomo wake mwenyewe kumpokea mtu utakayempeleka.
- Simu yenye KoboToolbox (programu ya kukusanya majibu ya dodoso), au karatasi na kabati lenye kufuli.
- Excel kwa kuingiza data, na SPSS au programu ya bure kama jamovi kwa uchambuzi.
- Miezi minne. Ukiwa na miwili, punguza vipimo, usipunguze hatua.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Athari za msongo wa mawazo kwa wanafunzi" ni kichwa cha habari. Swali linalopimika linasomeka hivi: "Je, wanafunzi wenye kiwango sawa cha msongo wanatofautiana kiustawi kutegemea wanavyoukabili?"

Sababu ya kujibana hivi ni kwamba msongo haukai kwenye tukio pekee. Richard Lazarus na Susan Folkman walilieleza hili vizuri mwaka 1984: mtu hulipima tukio mara mbili, kwanza kama linamtishia, kisha kama analo la kulikabili nalo. Chukua wanafunzi wawili waliopata supu (mtihani wa marudio) ya somo moja. Mmoja ana kaka anayemlipia ada, na mwaka jana alipata supu akapita. Mwingine anajua akidisko (akiondolewa chuoni kwa kufeli) bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, linakatika, na mdogo wake aliye kidato cha tatu analitegemea bumu hilo hilo. Supu ni moja, mzigo ni tofauti. Ndiyo maana orodha ya matukio ("umefiwa?", "umefeli?") peke yake haitoshi kupima msongo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika mambo yako matatu (hapa ni msongo, njia za kumudu na ustawi) kwenye mstari mmoja, kila moja na kipimo chake.

## Hatua ya 2: Chagua vipimo, na usitunge vyako

Kwa msongo, tumia PSS-10, kipimo cha msongo unaohisiwa. Sheldon Cohen na wenzake walikitoa mwaka 1983 kikiwa na maswali 14. Toleo la maswali 10 lilifuata mwaka 1988. Kinauliza kuhusu mwezi mmoja uliopita, kila swali lina alama 0 hadi 4, na jumla inakwenda 0 hadi 40.

Kwa ustawi, WHO-5 ya Shirika la Afya Duniani inatosha. Ina maswali matano tu, yote ya mambo mema: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, siku kujaa vitu vinavyokuvutia. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Toleo lake la Kiswahili limeshajaribiwa kwa watu wazima wa pwani ya Kenya, kwa hiyo tafuta hilo kabla ya kuanza kutafsiri upya.

Kwa njia za kumudu, wengi huchukua Brief COPE ya Charles Carver ya mwaka 1997. Ina maswali 28 yaliyogawanyika katika njia 14, maswali mawili kwa kila njia. Tahadhari: kipimo hiki hakina jumla moja. Kuomba dua, kunywa pombe na kupanga mikakati ukivijumlisha pamoja unapata namba isiyo na maana yoyote. Nimeona ripoti zenye "wastani wa kumudu 2.6", na mwandishi mwenyewe hakuweza kueleza 2.6 ya nini.

Ukiwapima wafanyakazi, fikiria pia kipimo cha kuchoshwa na kazi. Kile cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981 kinajulikana zaidi, lakini kina leseni ya kulipia. Cha Copenhagen cha mwaka 2005 kinatumika bure, na maswali yake 19 yanatenganisha uchovu wa mtu mwenyewe, uchovu wa kazi na uchovu unaotokana na watu anaowahudumia. Kwa wauguzi na walimu mgawanyo huo una faida kubwa.

Kwa nini usitunge maswali yako? Kwa sababu hutakuwa na wa kujilinganisha nao, na ukiulizwa swali lako linapima nini utabaki kusema "msongo" bila ushahidi.

## Hatua ya 3: Vibali

Anza na kamati ya maadili ya chuo chako. Tanzania Bara, utafiti wa afya kwa ngazi ya taifa hupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu); Zanzibar, ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya); Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia). Uliza chuoni kazi yako inaangukia wapi, maana ripoti ya shahada ya kwanza na ya uzamili hazipiti mlango mmoja kila mahali.

Taarifa za afya ya akili ni nyeti kisheria. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo usiweke jina, namba ya usajili wala namba ya simu kwenye dodoso. Weka namba ya dodoso tu, basi.

## Hatua ya 4: Tafsiri

Hapa ndipo alfa nyingi huzikwa. Fuata mpango huu, unaotokana na ule wa Richard Brislin wa mwaka 1970 wa kurudisha tafsiri kwenye lugha ya awali:

1. Watafsiri wawili, kila mmoja peke yake, wanageuza dodoso kuwa Kiswahili.
2. Mnakaa pamoja, swali kwa swali, na kuunda toleo moja.
3. Mtu wa tatu, ambaye hajaona Kiingereza, analirudisha toleo hilo kwenye Kiingereza.
4. Mnalinganisha Kiingereza kilichorudi na kile cha awali. Tofauti ya maana inatengenezwa, tofauti ya maneno tu inaachwa.

Mpango huo peke yake hautoshi. Tafsiri mbovu ya neno kwa neno hurudi kwenye Kiingereza vizuri kabisa, kwa kuwa ilifuata Kiingereza nyayo kwa nyayo. Kwa hiyo angalia kwa jicho lako mitego hii.

Misemo. Swali la 8 la PSS-10 kwa Kiingereza linatumia msemo wa mtu kuwa "juu ya mambo". Nimekutana na madodoso ya Kiswahili yanayouliza hivyo hivyo, "ulihisi uko juu ya vitu", na wanafunzi wakajibu kwa kubahatisha. Wengine walidhani linauliza kuhusu majivuno. Andika "ulihisi umeyamudu mambo yako". Swali la 5 lina msemo wa mambo kwenda "njia yako". Kiswahili kina chake, tena kizuri kuliko hicho: "ulihisi mambo yanakunyookea".

Mwezi. "Katika mwezi uliopita" msomaji anaweza kuuelewa kuwa ule mwezi wa kalenda ulioisha. Akijaza tarehe 28 Juni, atakueleza habari za Mei. Andika "katika siku 30 zilizopita, hadi leo".

Ukanushi. Ukimuuliza Mswahili "Hukuweza kuyadhibiti mambo muhimu?" akajibu "ndiyo", anakubaliana nawe kwamba hakuweza. Mwingine atajibu "hapana" akiwa na maana ile ile. Epuka kabisa ukanushi kwenye kitenzi: "Ni mara ngapi ulishindwa kuyadhibiti mambo muhimu ya maisha yako?"

Ngazi za majibu. "Mara chache", "mara chache sana" na "wakati mwingine" zinasukumana. Ninazoziona zikikaa sawa ni hizi: haijatokea kabisa (0), mara moja moja (1), wakati mwingine (2), mara nyingi (3), mara nyingi sana (4). Ziandike kwenye vikadi vitano, vichanganye, mpe mtu avipange kutoka kidogo hadi nyingi. Watu watatu kati ya kumi wakivipanga tofauti, badilisha maneno.

Msongo, mawazo, presha. Mtu akisema "nina mawazo" anamaanisha jambo linamsumbua. Akisema "nina presha" huenda anazungumzia shinikizo la damu na vidonge anavyomeza. Tanzania neno "sonona" (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) limezoeleka hospitalini, lakini wengi mtaani hawalitumii. Kenya, "mfadhaiko" hubeba mizigo miwili, msongo na sonona. Chagua neno kwa eneo lako, na ueleze kwenye ripoti kwa nini umelichagua.

Saa. Ukiongeza swali la usingizi, usiandike "Unalala saa ngapi?" Mmoja atakuambia saa anayopanda kitandani, mwingine idadi ya saa anazolala. Kwa wafanyakazi wa zamu, "saa 11" inaweza kuwa alfajiri au jioni. Uliza "Kwa kawaida unalala kwa muda wa saa ngapi kwa siku?"

Baada ya hapo, kaa na watu wako 8 hadi 10, mmoja mmoja. Asome swali, kisha akuambie kwa maneno yake linauliza nini. Usimsaidie. Akinyamaza, andika kwamba amenyamaza. Kazi hii inachosha, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote katika mwongozo huu.

Umefaulu ukiona watu watano mfululizo wanalieleza swali kwa maana ile ile uliyoikusudia, bila kukuuliza "una maana gani?"

## Hatua ya 5: Jaribio dogo

Wape watu kama 30 dodoso zima. Pima dakika wanazotumia. Dodoso lenye PSS-10, WHO-5 na Brief COPE lina maswali 43 bila yale ya umri na jinsia, na likivuka dakika 20 utaona majibu ya mwisho yakifanana yote, 2, 2, 2, 2.

Ingiza data, geuza alama kama nitakavyoonyesha kwenye Hatua ya 8, kisha tafuta alfa ya Cronbach. Kwa PSS-10 lenga 0.70 au zaidi. Ikiwa chini, usikimbilie kufuta maswali. Angalia kwanza kama umegeuza alama, kisha tazama swali lipi halitembei na wenzake, rudi Hatua ya 4 ulitengeneze hilo.

Kwa Brief COPE usishangae alfa ndogo. Kila njia ina maswali mawili tu, na alfa huongezeka na idadi ya maswali.

## Hatua ya 6: Mpango wa mtu aliye hatarini

Usianze kukusanya kabla ya kuikamilisha hatua hii.

Wengine huongeza PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona cha mwaka 2001. Swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kuona bora ufe au kujidhuru. Ukiuliza swali hilo, umebeba wajibu wa kusoma jibu lake siku hiyo hiyo. Kama unakusanya mtandaoni bila majina na huna njia ya kumfikia aliyejibu, usitumie swali la tisa. Toleo la maswali manane, PHQ-8, lipo kwa ajili ya hali kama hiyo.

Hata usipotumia PHQ, mtu anaweza kukueleza mwenyewe, au kuandika pembeni ya karatasi. Kwa hiyo panga hivi:

- Kila anayejaza kwa karatasi, fomu yake inatazamwa kabla hajaondoka, sehemu ya faragha, na mtu aliyefundishwa.
- Ukiona dalili, mwite kwa utulivu, kaeni pembeni. Muulize waziwazi: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo hilo. Utafiti haujaonyesha hivyo, na wengi hupata nafuu kuona kuna mtu amethubutu kuwauliza.
- Akisema ndiyo, muulize kama ana mpango na kama anayo njia ya kuutekeleza. Akiwa navyo, usimwache peke yake. Mpigie mtu wako wa rufaa hapo hapo na umsindikize hadi mlangoni kwake.
- Asipokuwa na mpango, mpe miadi yenye saa na jina la mtu. Karatasi yenye namba ya simu pekee haitoshi.

Jua pia sheria ya ulipo. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Tanzania, Kanuni ya Adhabu imekuwa ikilihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Hofu ya polisi ni sababu mojawapo ya watu kunyamaza. Mpeleke mtu kwa mhudumu wa afya, na usiitangaze habari yake kwa mlezi wa bweni, mkuu wa idara au bosi.

Lakini usimwahidi siri isiyo na mpaka. Kwenye fomu ya ridhaa andika mapema: "Majibu yako ni siri, isipokuwa tukiona maisha yako yako hatarini, hapo tutazungumza nawe na kukuunganisha na mhudumu." Aliyeambiwa mapema hatakuona msaliti.

Umefaulu ukiweza kujibu bila kusita: leo saa 10 jioni mtu akiniambia anataka kufa, nampigia nani, na tunakwenda naye wapi?

## Hatua ya 7: Sampuli, na siku ya kukusanya

Wanafunzi wa mwaka wa pili wakiwa 1,200, fomyula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inakwenda hivi: gawanya 1,200 kwa (1 + 1,200 × 0.05²), 0.05 ikiwa kiasi cha kosa unachokubali. Mabano yanatoa 4, jibu ni 300. Baadhi hawatarudisha fomu. Ukikadiria asilimia 10, gawa 300 kwa 0.9, utafute watu 334. Wapate kwa bahati nasibu kutoka orodha ya usajili. Ukiwakusanya marafiki wa kikundi cha WhatsApp, fomyula haikusaidii kitu.

Siku ina uzito wake. Msongo uliopimwa wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) si ule wa wiki bumu lilipoingia. Kwa wafanyakazi, tarehe 5 na tarehe 25 ni dunia mbili, hasa kwa mwenye marejesho ya kausha damu (mkopo wa riba kubwa). Kusanya ndani ya siku chache zinazofanana, na utaje tarehe hizo kwenye ripoti.

Kwa wafanyakazi, tahadhari kubwa zaidi: usimpe ofisa rasilimali watu madodoso akugawie. Najua ndiyo njia rahisi, na mara nyingi yeye mwenyewe hujitolea kwa nia njema. Lakini mfanyakazi anayerudisha fomu mezani kwa ofisi inayosaini mkataba wake atakuandikia kwamba halali vizuri? Atakuandikia kwamba anakunywa ili asahau? Nenda mwenyewe, weka sanduku lililofungwa, ondoka nalo.

Mwajiri pia ataomba kuona majibu kwa idara. Kanuni yangu ni kutotoa takwimu ya kundi lenye watu chini ya 10. Idara yenye mhasibu mmoja mwanamke wa miaka 50 haihitaji jina ili atambulike.

## Hatua ya 8: Ingiza data na ugeuze alama

PSS-10 ina maswali manne yanayouliza mambo mema: la 4, la 5, la 7 na la 8. Mtu mwenye msongo mkubwa huyapa alama ndogo. Kabla ya kujumlisha lazima yageuzwe: 0 iwe 4, 1 iwe 3, 2 ibaki 2, 3 iwe 1, 4 iwe 0.

Tazama mfano wa mtu mmoja, kuanzia swali la 1 hadi la 10:

3, 2, 4, 1, 1, 3, 2, 0, 3, 3

Ukijumlisha hivi hivi unapata 22. Ukigeuza yale manne, yanakuwa 3, 3, 2 na 4, na jumla inapanda hadi 30. Mtu huyu kwenye ripoti isiyogeuzwa ataonekana yuko katikati, ilhali amelemewa. Na kwa kuwa maswali sita yanavuta huku na manne yanavuta kule, alfa inaporomoka. Ile 0.41 ya mwanzo, mara nyingi chanzo chake ni hiki.

Kwenye Excel, weka namba ya dodoso safu ya A, na maswali kuanzia B hadi K. Swali la 4 litakuwa safu ya E, la 5 F, la 7 H, la 8 I. Usifute majibu ya asili. Fungua safu mpya na uandike:

`=IF(E2="","",4-E2)`

Ukiandika `=4-E2` tupu, nafasi iliyoachwa wazi Excel huihesabu kuwa sifuri, kisha inakupa 4. Mtu ambaye hakujibu anageuka kuwa mwenye msongo wa juu kabisa katika swali hilo, na hakuna onyo lolote litakalojitokeza.

WHO-5 haina cha kugeuza. Jumlisha matano, upate 0 hadi 25, zidisha kwa 4 upate 0 hadi 100.

Aliyeruka swali moja au mawili ya PSS-10, watafiti wengi hujaza kwa wastani wa majibu yake mengine baada ya kugeuza. Aliyeruka zaidi ya hapo, mwache nje ya jumla. Andika uamuzi wako kabla ya kuona matokeo.

Ili ujihakikishie, chukua madodoso 20 kwa kubahatisha, yajumlishe kwa kalamu, ulinganishe na Excel. Yote 20 yakilingana, endelea.

## Hatua ya 9: Kusoma matokeo bila kuyavuta

Utakutana na mgawanyo huu: 0–13 msongo mdogo, 14–26 wa kati, 27–40 mkubwa. Umeenea kila mahali, lakini Cohen na wenzake hawakuuweka. PSS-10 si kipimo cha kutambua ugonjwa. Ripoti wastani na mtawanyiko (standard deviation), linganisha makundi ndani ya sampuli yako, na usiandike "asilimia 60 ya wanafunzi wana msongo wa kati". Karibu kila sampuli itaangukia kwenye kapu hilo la kati, na msomaji hajapata kitu.

WHO-5 ni tofauti kidogo. Alama 50 au chini yake hutumika kama ishara kwamba mtu anahitaji kuangaliwa zaidi. Iite ishara, usiandike kwamba watu hao wana sonona.

Ukipata uhusiano (correlation) wa, tuseme, −0.45 kati ya msongo na ustawi, zidisha namba hiyo kwa yenyewe: 0.20. Yaani tofauti za watu katika ustawi zinaelezeka kwa asilimia 20 hivi na msongo, zilizobaki zina vyanzo vingine. Na kwa kuwa ulipima vyote siku moja, neno "husababisha" halina nafasi kwenye ripoti yako. Asiyelala vizuri huona kila kitu kizito, na aliyeelemewa halali. Dodoso la siku moja haliwezi kusema kipi kilitangulia.

Kwenye njia za kumudu, ripoti kila njia peke yake. Usikimbilie kuita dini "kukwepa tatizo". Kwa mwanafunzi wa Kigoma aliyeko Dar es Salaam bila ndugu, jumuiya ya kanisani au darsa la msikitini ni mahali anapopata pia nauli, chakula cha Jumapili na mtu wa kumuuliza kuhusu chumba. Soma majibu hayo pamoja na yale ya kupata msaada wa watu. Na majibu ya pombe yakitoka sifuri kwa wote, jiulize kwanza nani alikuwa amesimama mlangoni wakati wanajaza.

## Hatua ya 10: Warudishie waliokupa

Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili, usio na alfa wala uhusiano wa namba. Useme uliuliza nini, watu wangapi walijibu, umeona nini, na nani chuoni au kazini anaweza kumsaidia mtu aliyelemewa, yupo chumba gani na saa ngapi.

Usome mbele ya darasa, au kwenye mkutano wa wafanyakazi, wewe mwenyewe. Acha muda wa maswali. Kisha usiondoke haraka: kaa nje ya mlango kama nusu saa hivi, kwa sababu kuna anayesubiri wenzake watawanyike kwanza.